Mwalimu wa Igizo Lisiloandikwa: Maisha ya Milcah Anyango

Wachungaji wetu, wazee, majirani wa Njoro na wa Nakuru mjini, walimu, waigizaji, na ninyi mliotoka kambi ya maua mkaanza safari kabla ya jua ili mfike hapa, familia mbili, ya Mzee Zablon Owuor na ya Mama Njoki, zimekaa pamoja zikakubaliana kwamba maisha ya dada yetu yasomwe yote, hata pale panapouma, na kwamba jina la kampuni lisitajwe mbele ya jeneza, kwa sababu jambo hilo liko kortini, na korti ina siku yake.

Milcah Anyango alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1981, katika hospitali ya mkoa hapo Nakuru, mtoto wa tatu wa Mzee Zablon, aliyekuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli, na Mama Peres Adhiambo, aliyeuza samaki wadogo wa omena na mboga nje ya nyumba za reli, mahali ambapo watoto wa kila kabila walicheza chini ya kamba za nguo na kutukanana kwa lugha zote bila kukosea hata neno. Mama husimulia kwamba Milcah alichelewa kusema, hata majirani wakaanza kuuliza kama mtoto huyu anasikia, kumbe alikuwa anasikia kupita kiasi, kwa maana siku alipofungua kinywa alianza kwa kumwiga stesheni masta, kikohozi chake na mwendo wake, baba akacheka mpaka akaketi chini.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na reli kuanzia mwaka wa 1987 hadi alipofanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1994, kisha akaingia shule ya sekondari papo hapo Nakuru na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1998, akiwa ameiwakilisha shule yake katika tamasha za drama mara nyingi kuliko alivyohudhuria masomo ya hesabu, jambo ambalo walimu wake walilisamehe nusu nusu. Mwaka uliofuata karakana ilipunguza wafanyakazi, baba akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa, na habari ya chuo ikaishia hapo, Milcah akaanza kumsaidia mama sokoni huku jioni akienda mazoezini na kundi la waigizaji waliokuwa wakizunguka shuleni kuigiza tamthilia teule za mtihani.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Mzee Jamleck, ambaye yuko nasi hapa leo, na ndiye aliyetusimulia yaliyotokea mwezi wa Juni mwaka wa 2001 katika ukumbi wa shule moja kule Molo, siku ambayo mwigizaji wa sehemu ya hakimu hakufika, pazia likafunguliwa, Milcah akajikuta amesimama peke yake kizimbani mbele ya wanafunzi wengi bila mtu wa kumhukumu. Hakukimbia, wala hakuendelea kukariri maneno yake mbele ya kiti kitupu, bali aliwageukia wanafunzi akasema, "Hakimu wangu amechelewa. Nani kati yenu atanihukumu?" Msichana mmoja wa mstari wa nyuma alisimama, akamuuliza swali ambalo halikuwa kitabuni, Milcah akalijibu, na kuanzia hapo ukumbi mzima ulishika kesi ile ukaipeleka mahali ambapo hakuna mwandishi aliyewahi kuifikisha. Baadaye, wakifunga mizigo, Jamleck alimwambia, "Leo ndiyo mara ya kwanza nimekuona ukisikiliza. Siku zingine ulikuwa unangoja zamu yako tu." Kisha akaongeza maneno ambayo Milcah alikuwa akiyarudia kwa wanafunzi wake, "Lakini ujue, ukiwafungulia watu mlango huo, si wewe utakayechagua kitakachoingia."

Tangu siku hiyo hakutaka tena kazi ya kukariri. Aliunda kundi lake, akaliita Papo Hapo, waigizaji wachache wasio na karatasi wala mavazi maalumu, ambao walipanda jukwaani na kuwaomba watazamaji wawape mahali, mtu na shida, na papo hapo wakaanza kuigiza. Kanuni yake ilikuwa moja, na wengi wenu mmeisikia kwa sauti yake, kwamba mwenzako akikupa kitu jukwaani, hata kiwe cha ajabu namna gani, usikikatae, kipokee, kisha uongeze chako. Alisema kwamba mtu aliyejiandaa anaweza kukuficha lolote, lakini mtu aliyeshtukizwa hana nafasi ya kuchagua uongo, mwili wake husema kwanza na mdomo hufuata.

Tarehe 11 Desemba 2004, katika kanisa la hapa Njoro, alifunga ndoa na Ephantus Kiarie, fundi wa umeme, mwana wa Mama Njoki, nao wakabarikiwa na watoto wawili, Shantel, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2005, na Hiram, aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 2010. Ndoa hiyo ya Mjaluo na Mkikuyu ilipimwa mapema, maana Januari 2008, mji ulipogawanyika baada ya uchaguzi na barabara zikafungwa kwa mawe na matairi, Mama Njoki alimficha mkaza mwana wake katika chumba cha nyuma ya duka lake, na vijana wenye mapanga walipokuja kuuliza ni nani anakohoa humo ndani, mama huyu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda jukwaani, alijibu bila kupepesa macho, "Ni msichana wangu, ana TB ya kutapika damu, ingieni mumbebe mumpeleke hospitali, mimi nimeshindwa." Vijana walirudi nyuma wakaenda zao. Milcah alikuwa akisema kwamba katika maisha yake hakuona mwigizaji mwingine wa kumfikia mama mkwe wake, lakini tukio lenyewe hakuligeuza kuwa igizo hata siku moja, na mtu akilitaja katikati ya mazoezi alikuwa akitoka nje na kusimama peke yake.

Kuanzia mwaka wa 2012 kazi yake ilihama kwenye kumbi ikaingia kazini mwa watu. Alifundisha wauguzi namna ya kumpa mama habari mbaya, kwa kuwafanya wabadilishane nafasi, muuguzi awe mama na mama awe muuguzi, alifundisha makarani wa vyama vya ushirika, walimu wapya, askari wa milangoni, na Jumapili mchana alikutana na wanawake wa mashamba ya maua kule Karagita, katika ukumbi wa kanisa uliozungukwa na vyumba vya kupangisha. Huko Karagita ndiko alikopata funzo lililomtia hofu, siku alipomwomba mama mmoja asalimie kiti kitupu kana kwamba kimekaliwa na mtu wa nyumbani kwake, mama akakisalimia vizuri, kisha akaanza kurudi nyuma polepole, akitabasamu, mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Milcah alisimamisha mazoezi, akamsindikiza mama yule hadi chumbani, na kabla ya wiki kuisha alikuwa amemtafutia njia ya kwenda kukaa na dada yake Longonot, naye yuko hai hadi leo.

Sasa tunafika mwaka huu. Jumatano, tarehe 22 Januari 2025, Milcah alianza kufundisha katika shamba moja la maua kwenye miinuko kati ya Molo na Kuresoi, akiwa ameitwa na ofisi ya wafanyakazi kwa sababu kulikuwa na ugomvi mwingi kati ya masupavaiza na wachumaji, wakitaka wajifunze kusemezana. Shamba liko kwenye mteremko, juu yake kuna bwawa kubwa la kunyunyizia maua, lililozuiwa kwa ukuta wa udongo, na chini, bondeni, kuna laini za nyumba za wafanyakazi zinazoitwa kambi ya chini. Mafunzo yalifanyiwa kantini baada ya chakula cha mchana, na siku ya kwanza, alipoomba wampe mahali pa kuigizia, watu walitazama meza. Aliuliza tena, na binti mmoja wa kupanga maua, Chepchirchir, akasema kwa sauti ndogo, "Bwawani." Mtu wa nyuma akakohoa, supavaiza akasema, "Hapana, tupewe mahali pengine," wakapewa sokoni, wakacheza soko, watu wakacheka kidogo.

Wiki iliyofuata aliomba tena mahali, kundi likiwa lingine, wakampa jikoni. Mama aliyekuwa akiigiza kupika ugali alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwelekeza, kabla ya kuwasha jiko alizunguka akipanga viatu vya watoto mlangoni, vidole vikitazama nje. Wiki nyingine walipewa chumba cha kulala, na baba katika igizo akaweka watoto kitandani wakiwa wamevaa makoti. Milcah alirudi nyumbani jioni hiyo akamwambia Ephantus kwamba watu wa kambi ile, wape mchezo wowote utakao, harusi, msiba, mpira, watatafuta kwanza mlango uko wapi. Ephantus alimuuliza kama ameuliza wanaogopa nini. Alijibu kwamba ameuliza kila mtu faraghani, na kila mtu amemjibu kwamba hakuna shida.

Jumatano, tarehe 19 Machi, meneja mkuu mwenyewe alikuja kushiriki, mtu mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba, akasema asiachwe nje ya raha. Milcah alimpokea, akampa nafasi ya baba anayeishi laini ya mwisho ya kambi ya chini, akampa Chepchirchir awe mke wake, na hakusema neno juu ya bwawa, aliwaambia tu kwamba ni jioni na mvua inaanza. Meneja aliketi, akanyoosha miguu, akaagiza chai kwa madaha, kantini nzima ikacheka. Chepchirchir aliinua macho kwenye paa akasema, "Baba watoto, mvua imeanza." Na yule bwana, kabla ya kufikiri, alisimama hata kiti kikaanguka, akasema, "Chukua watoto, wacha vyombo, twende juu sasa hivi, hiyo ukuta haiwezi shika."

Halafu akasikia alichosema.

Milcah hakupiga makofi, alimtazama mtu yule akitafuta uso wake wa awali asiupate. Hatimaye meneja alicheka peke yake, "Si ni mchezo tu, jameni," akaokota kiti, akaketi, na hakuna aliyecheka naye. Saa hiyo kila aliyekuwa ndani alijua kwamba kile walichokuwa wakikiogopa chini, juu ofisini kilikuwa kinajulikana.

Kabla hajatoka getini aliitwa ofisini. Meneja alimwambia, "Mwalimu, umefundisha vizuri sana. Kazi imeisha." Milcah alimuuliza, "Na watu wa kambi?" Akajibiwa, "Wewe ni mtu wa mchezo. Cheza." Juma hilohilo wafanyakazi waliambiwa kwamba atakayeonekana akizungumza habari za bwawa atapoteza kazi na chumba, na Milcah akaanza kupigiwa simu na mtu asiyejitaja jina, mwenye sauti ya upole, ambaye siku ya kwanza alimsalimia tu, na siku ya pili akamuuliza, "Shantel bado anasoma hapo Njoro? Huwa anatembea na miguu kwenda darasani, sindio?" Alikwenda kwa chifu, akatumwa ofisi nyingine, akatumwa nyingine tena, akaahidiwa kwamba ukaguzi utafanywa mvua zikipungua. Ephantus, ambaye hajawahi kumzuia mkewe jambo, usiku huo wa simu alimwambia, "Mama Shantel, si wewe uliijenga ukuta hiyo." Naye akamjibu, "Si mimi. Lakini mimi ndiye nilimsikia."

Mvua kubwa ilianza Alhamisi, tarehe 24 Aprili, ikanyesha mchana na usiku. Jumamosi asubuhi Chepchirchir alipiga simu akasema maji ya mfereji wa nyuma ya nyumba yamebadilika rangi, yamekuwa kama chai, na kwamba watu wanalala na viatu. Milcah alimuuliza kama watu wangetoka wakiambiwa watoke, Chepchirchir akasema, "Nani atatoka, mwalimu? Nyumba ni za kampuni." Akamuuliza tena, "Na wakiitwa kwa mchezo?" Binti akasema, "Kwa mchezo watakuja."

Basi Jumapili, tarehe 27 Aprili, baada ya ibada, Papo Hapo walipanda hadi kanisa lililo juu ya kilima, ng'ambo ya bonde, mchungaji akiwa amekubali bila kuuliza maswali, Shantel akaja pia kwa sababu alikataa kubaki, na watu wa kambi ya chini wakapanda na watoto wao, si wote, lakini wengi. Igizo lilianza saa tisa. Watazamaji waliomba harusi ambayo bwana harusi amepotea, na walicheka sana, walicheka kuliko igizo lenyewe lilivyostahili, kicheko cha watu wasiotaka kusikia mvua juu ya mabati. Kila hadithi ilipokaribia mwisho, Milcah aliingia na jambo jipya, mjomba amefika kutoka Kisumu, pete imemezwa na mbuzi, chochote, mradi watu wasisimame kwenda nyumbani.

Jioni ilipokaribia, Kipruto, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda pampu, aliingia kwa mlango wa pembeni akiwa ameloa, akamnong'oneza Milcah kwamba ukuta umeanza kutoa maji katikati. Milcah alimkaribia Shantel jukwaani, akamkumbatia kana kwamba ni sehemu ya harusi, akamwambia sikioni, "Usiwaache wamalize," kisha akatoka na Kipruto wakashuka bondeni.

Waliobaki kambini walikuwa wagonjwa, waliochoka, na waliomwogopa supavaiza kuliko maji. Waligonga mlango baada ya mlango, na kila mlango ulijibu vilevile, "Tuliambiwa bwawa liko sawa," "Nikitoka nitafutwa kazi," "Mathe, wacha tulale." Ndipo Milcah aliposimama katikati ya njia, akashika sauti ya mtu wa kampeni, sauti nene iliyojaa ahadi, akapiga kelele, "Unga! Unga inagawanywa kanisani juu! Ya bure! Wa kwanza ndio watapata!" Kipruto alimtazama kwa mshangao, kisha akaelewa, akaongeza kwa nguvu zake zote, "Mifuko miwili kila nyumba!" Milango ilifunguka. Watu walitoka na magunia na mabeseni, waliokataa kuokoa maisha yao wakakimbilia unga, na Kipruto akambeba mgongoni mama yake Chepchirchir, ambaye tangu apate kiharusi hawezi kutembea.

Kule juu Shantel hakuwa amesikia lolote kuhusu unga. Alikuwa katikati ya harusi wakati watu walioloa walipoingia na magunia matupu wakiuliza, "Unga iko wapi?" Alituambia kwamba alitazama mlango akitafuta uso wa mama yake, hakuuona, akaona tu magunia, na papo hapo akapokea, akasema, "Iko njiani inakuja. Wazee mbele, akina mama na watoto mkono wa kulia, hesabianeni kwanza." Wakaanza kupanga laini ndani ya kanisa, naye akiwaimbisha.

Lakini unga haukuja, na watu wachache walichoka kungoja. Njuguna, mpishi wa kantini, aliona amefanywa mjinga, akamshika mkewe Waithera mkono, wakatoka na wengine wawili wakaanza kurudi chini. Milcah alikutana nao njiani akipanda, matope yakimfikia magotini. Njuguna alimwambia, "Mwalimu, umetudanganya." Milcah akajibu, "Ndiyo, nimewadanganya. Hakuna unga. Ukuta unaenda. Rudini juu." Waithera alimtazama usoni, akageuka, na wale wawili wakageuka naye. Njuguna alisema ameshachoka na michezo, akaendelea kushuka kuchukua vitu vyake. Milcah alimfuata, akamshika koti.

Ukuta ulipasuka wakati huo. Kipruto anasema haukuwa na sauti ya maji, ulikuwa na sauti ya lori linalomwaga kokoto, na kambi ya chini haikuonekana tena. Njuguna alipatikana kesho yake, chini sana. Wengine watatu waliokataa kabisa kufungua milango walipatikana baadaye. Milcah alikutwa amenaswa kwenye ua wa miti ya saiprasi, akipumua, mkononi ameshika kipande cha koti.

Alilazwa Nakuru, mbavu zimevunjika na mapafu yameingia maji machafu, na kwa siku za kwanza madaktari walituambia kuna matumaini. Watu wa kambi walikuja kumwona kwa zamu, wakimshukuru, naye alimuuliza kila mmoja jambo moja tu, kuhusu Njuguna. Tarehe 4 Mei Waithera alikuja mwenyewe. Sisi tuliokuwepo tulitaka kutoka, akasema tukae. Milcah, ambaye kusema kulikuwa kumeanza kumtesa, alimuuliza, "Ningemwambia ukweli tangu mlangoni, angetoka?" Waithera alilainisha shuka kwa kiganja, akasema, "Hangetoka. Lakini angekataa akijua." Halafu akambusu kwenye paji la uso, akaenda. Milcah hakulia, alifunga macho akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu akakipokea, na kuanzia siku hiyo homa ilipanda. Mapafu yalishindwa, na Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, alfajiri, Ephantus akiwa amemshika mkono, dada yetu alituacha, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Ameacha mume, Ephantus Kiarie, watoto Shantel na Hiram, wazazi wake, ndugu zake, mama mkwe wake Mama Njoki, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwajua wote. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, ambao wengine wao walijifunza kwake namna ya kuzungumza na watu kama sisi, na tuliona walivyojifunza, inawashukuru majirani wa Njoro waliotulisha wiki yote, mchungaji wa kanisa la kilimani aliyefungua milango na hadi leo anawalaza watu ndani yake, Mzee Jamleck na waigizaji wa Papo Hapo, wanawake wa Karagita, na Kipruto, aliyembeba mgongoni mama wa mwenzake kana kwamba ni wake. Kwa Waithera hatuna neno la shukrani linalotosha, kwa kuwa alikuja na msiba wake akakaa na wetu, naye ameketi pale na familia, akae hapo.

Familia imeomba jambo moja liongezwe kabla hatujafunga. Kampuni ina bwawa la pili, upande wa mashariki, na chini yake kuna kambi nyingine, na Jumatatu iliyopita wafanyakazi wa kambi hiyo waliamriwa warudi vyumbani. Jana jioni ilinyesha kule. Yeyote kati yenu aliye na mtu wake huko ampigie simu leo, tukitoka hapa, amwambie kwa maneno ya kawaida, bila mchezo, bila unga, na asikate simu mpaka ajibiwe.

Pumzika, Milcah Anyango, kwa amani ambayo siku zako za mwisho hazikuwa nayo.